Pare-buffle, Taa, au Benchi la Mama

Jumatatu, saa tisa alasiri. Mvua imepiga mabati ya Bunia kwa saa nzima, sasa imeacha, na matope mekundu yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nina furaha na nina woga, vyote pamoja, na sijui kipi kinakaa juu.

Niko kwenye kabini ya pikapu yetu, uani mwa hospitali. Mama yangu yuko ndani kwa madaktari wa macho. Bwana wangu amekwenda sokoni. Bwana wangu! Tumefunga ndoa majuma matatu yaliyopita na kila nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu. Mlinzi wa lango ameniona nikiichekea simu, akageuka kutazama kwingine.

Juma lililopita niliwauliza ninyi mnaonisoma hapa: tuiongezee nini pikapu yetu kwanza? Wengi mlisema taa. Wawili walisema muziki. Leo nina jibu, lakini ni refu, na lina aibu kidogo ndani yake.

Kwa wasioijua: pikapu yetu ni ya kabini moja. Mbele kuna kiti kimoja kirefu, cha watu watatu wakibanana. Nyuma ni wazi, chuma kitupu. Kambale, bwana wangu, alipewa na baba yake mdogo wa Butembo, mfanyabiashara, ili aanze kubeba maharagwe na mbao kati ya Bunia na Komanda. Ndiyo iliyotubeba siku ya harusi. Gundi ya riboni bado iko kwenye vioo, na mimi nimekataa isiguswe.

Sikujua kwamba gari linaweza kupendwa hivi. Kambale akitoka kanisani anapitia kwenye gari kabla ya kuingia nyumbani. Analizunguka. Analigonga gurudumu kwa mguu, taratibu, kama mtu anayemwamsha rafiki. Nilidhani nitaona wivu. Badala yake nimeanza kulizunguka naye.

Kwa hiyo Alhamisi tulikwenda pamoja kwa Muzee Zakaria, fundi mwenye garaji na mashine ya kuchomelea. Nilikuwa na daftari. Nilitaka kujua kila kitu.

Kambale alitaka pare-buffle. Ni yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya gari ili likigongana na ng'ombe lisivunjike uso. Amelitamani tangu akiwa mtoto. Alipoeleza alinyoosha mikono miwili mbele ya kifua, akakunja ngumi, akawa yeye mwenyewe gari. Mungu wangu, nampenda mtu huyu.

Muzee Zakaria alituonyesha na mengine. Jani moja la ziada kwenye spring za nyuma, gari lisilale likibeba mizigo. Magurudumu ya meno makubwa, ya tope. Vioo vyeusi. Safu ya taa za juu ya paa. Na bomba moja refu linalopanda pembeni ya kioo hadi juu, nikauliza ni la kazi gani.

"Hii ni pua," akasema. "Kama mto inajaa, gari inapumua huku juu."

"Na watu wenye wako ndani wanapumua wapi?"

Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Kambale! Bibi yako alisoma sana, huyu!"

Taa alizikataa fundi mwenyewe, hata kabla hatujauliza bei. "Taa ya juu ya nini? Usiku weye unaenda wapi?" Ni kweli. Tangu hali iwe hivi, gari likiwa barabarani baada ya giza ni la watu wenye bunduki, wa upande mmoja au mwingine. Vioo vyeusi vilevile. Kwenye kizuizi askari wanataka kuona nyuso. "Gari ikifanana na ya wakubwa," akasema, "wakubwa watasema ni yao." Kuna mfanyabiashara wa mtaa wetu aliyeipamba yake vizuri mno, ikaombwa kwa kazi ya siku moja. Bado anaisubiri.

Niliandika hilo kwenye daftari: lisipendeze sana. Sikuwahi kufikiri kwamba kuchagua vitu vya gari ni pia kuchagua nani atalitamani na nani hatalitamani.

Basi tukakubaliana pare-buffle, jembamba, lisilong'aa. Muzee Zakaria akasema umeme wake ni wa mashaka na kazi ni nyingi: hadi Jumatatu anaweza kuchomelea kitu kimoja tu cha maana. Kambale akasema kimoja kinatosha. Alinishika mkono mbele ya watu.

Alasiri ile ile, simu ya kambini.

Mama anaishi kwenye kambi ya waliokimbia, nje ya mji, upande wa barabara ya Komanda. Mimi nilikuwa tayari Bunia, shuleni, wakati kijiji chetu cha Djugu kilipochomwa. Baba alikwisha kufariki zamani. Mama alitoka na wajukuu wawili juu ya piki-piki moja, mwendo wa siku nzima, na tangu siku hiyo hapandi piki-piki. Hata ukimpa dhahabu.

Na macho yake yamekufa polepole. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Siku ya harusi yangu aliniambia nimependeza sana, huku akimtazama msimamizi wangu.

Simu ilisema hivi: madaktari wa macho wamefika kutoka mbali, watakaa juma moja tu, na jina la Mama limeandikwa Jumatatu asubuhi. Asipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine, na wao hawajui kama watarudi. Barabara zetu zikoje, nani anaweza kuahidi?

Nikaruka kwa furaha. Tuna gari! Nikamwambia Mama: tutakuja kukuchukua Jumatatu alfajiri, mimi na Kambale.



"Nitakaa wapi?" Mama akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mtu wa kwetu, hata kama nimesoma. Kwetu mama hakai kiti kimoja na mkwe wake wa kiume. Hali naye, hampi mkono, hamtazami usoni, naye mkwe hamtazami. Ni heshima, na ni heshima kubwa. Siku ya harusi Mama alikaa nyuma ya mke wa mchungaji na kitenge kichwani, na Kambale alimpitia akiwa ameinamisha kichwa kama anatafuta sindano.

Nikasema: "Mama, nitakaa katikati. Kambale huku, weye kule, miye katikati."

"Kiti iko moja tu, mwanangu. Na weye hauko ukuta."

"Basi Kambale apate dereva mwingine."

"Gari ni ya nani?"

Ni ya Kambale, na kumtoa kwenye usukani wake ni aibu nyingine. Na nyuma? Nyuma ni chuma kitupu, bila pa kushika, kwa mama asiyeona, kwenye barabara ile yenye mashimo. Akasema tumwache, macho ameyazoea hivyo. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekataa chai ya pili. Nilikata simu nikalia.

Nakiri: nilimkasirikia. Nilijiuliza desturi ina kazi gani kwa mwanamke ambaye nyumba yake ni turubai na vijiti. Halafu nikafikiri tena. Nyumba ilichomwa, mbuzi walichukuliwa, shamba sijui nani analima. Labda hili ni moja ya vitu vichache alivyoweza kutoka navyo.

Kambale alisikiliza yote bila kunikata. Yeye ni Munande wa Butembo, kwao wana namna zao za kumheshimu mama mkwe, lakini ya kwetu hakuijua vizuri. Alikwenda kulizunguka gari. Alilizunguka mara nyingi sana. Nilimwona kupitia dirisha amesimama pale mbele, mahali pa pare-buffle, ameweka kiganja juu ya chuma.

Alipoingia alisema: "Tufanye benchi."

Hivyo tu. Hakuguna, hakusema nitakuwa na deni kwake. Kama kuna dada yeyote anayesoma hapa na bado anachagua mume, sikiliza: mpeleke kwenye garaji, uone anachoweza kukiacha.

Ijumaa na Jumamosi zilikuwa siku tamu kuliko zote tangu harusi. Nani angejua benchi lina maswali mengi hivyo! Benchi za pikapu huku kwetu hukaa pembeni, kulia na kushoto, watu wakitazamana. Lakini akiwa pembeni, Mama akigeuza shingo kidogo tu, kuna kioo cha nyuma ya kabini, na ndani ya kioo kuna mkwe. Kwa hiyo nikamwambia Muzee Zakaria alikate likae kwa upana, limeegemea kabini, mgongo wa Mama uelekee mgongo wa Kambale. Amtazame nani? Barabara.

Muzee Zakaria alikuna kichwa. "Kwa hiyo watu watakaa wakiangalia kwenye wametoka."

"Ndiyo, muzee."

"Miaka makumi mawili niko nafanya magari. Hii ni ya kwanza."

Akachora kwa chaki sakafuni. Kambale akafuta, akachora tena. Nikafuta, nikachora mimi. Tulikuwa tumepiga magoti watu watatu kama watoto.

Ngazi ya kupandia ilikuwa kazi yangu. Wanaume hupima hatua kwa suruali. Muzee Zakaria aliweka kipande cha kwanza cha ngazi juu mno, nikamwambia hapana, ona, nikapanda mbele yao nikiwa nimejifunga kitenge mpaka chini. Nilikwama katikati. Mwanamke mzima hawezi kupandisha kitenge mbele ya mkwe wake ili apande gari! Akashusha. Nikapanda tena. Akashusha tena. Mara ya nne nikapanda nimefumba macho, kama Mama, mikono ikitafuta, na mkono wangu haukukuta kitu. Hapo tukaongeza bomba la kushikia, kimo cha kiuno changu, maana mimi na Mama tuko kimo kimoja. Bomba hilo, Kambale akalitoa kwenye vyuma vilivyokwisha kuchaguliwa kwa ajili ya pare-buffle lake. Alilileta mwenyewe begani.

Jumamosi jioni tulisikia risasi upande wa vilima. Jumapili kanisani wakasema watu wengine wamefika kambini usiku, kwa miguu, na kwamba barabara huenda ikafungwa. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu saa. Muzee Zakaria alimaliza kuchomelea Jumapili mchana, jasho likimtoka, akafunga turubai juu kwa ajili ya mvua. Tukajaribu mtaani, mimi juu ya benchi, Kambale akiendesha. Aliposimama alitoa kichwa nje.

"Ninaona kisogo yako kwenye kioo."

"Kisogo si uso," nikasema.

Lakini nilikwenda kushusha kipande cha turubai juu ya kioo, kuwa na uhakika. Halafu nikamwona amekaa peke yake kwenye kiti kirefu, mbele, bila mimi. Maana Jumatatu nami ningekaa nyuma na Mama. Tulitazamana tukacheka. Majuma matatu ya ndoa, na tayari tunasafiri kama abiria na dereva.

Leo alfajiri barabara ilikuwa wazi. Asante Mungu, naandika kwa herufi ndogo lakini nimeisema kwa sauti kubwa.

Kambini, kwenye njia ya kuingilia, wamama watano walikuwa wamekaa kwenye jiwe moja na vifurushi magotini. Wa katikati alikuwa Mama. Wengine wanne ni majirani zake, nao majina yao yameandikwa, nao hawana gari. Mama alikuwa amewaambia: mukwe wangu anatengeneza gari. Hakuniambia mimi kwamba amewaambia.

Kambale alibaki kwenye usukani, ametazama mbele, shingo ngumu kama askari wa gwaride. Mama alikuja mkono wangu ukimwongoza. Mguu wake ukapata ngazi. Mkono wake ukapata bomba. Alilipapasa kwenda juu, akalipapasa kurudi chini, akapanda bila kusaidiwa, na kitenge chake hakikupanda hata kidogo.

Nililia. Nalia sana siku hizi, mnisamehe.

Wote watano walienea kwenye benchi, mimi nikakaa sakafuni miguuni kwao. Gari lilipoondoka, Mama Rebeka, jirani yake, ambaye jicho moja bado linaona kidogo na mdomo unaona kila kitu, akauliza: "Mbona tunaangalia nyuma kama mizigo?"

Nikaeleza, kwa fahari kabisa. Kiti kimoja, heshima, kioo, kisogo. Nilieleza na vipimo. Nilipomaliza, Mama Rebeka akaanza kutetemeka. Nikafikiri anaumwa. Alikuwa anacheka.

"Hajamufungua? Mukwe hajamufungua mama yake? Ee Mungu! Kitenge moja na kuku mbili! Mukwe anatoa, mama anapokea, uso inafunguliwa, wanakaa pamoja mpaka kufa! Nyiye mulichoma chuma siku tatu juu ya kuku mbili?"

Wamama wote wakashika matumbo. Nilisikia uso wangu ukiwaka.

"Mama," nikasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Mama alikuwa ametazama barabara asiyoiona, mikono imetulia juu ya kifurushi. "Mama haombi yeye mwenyewe, mwanangu. Ni aibu. Anayesema na bibi harusi ni dada ya baba yake. Shangazi yako njo angekwambia."

Shangazi alibaki Djugu siku ile. Hatujui aliko. Kicheko kikaisha chenyewe, hakuna aliyekizima.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kuna neno moja dogo ambalo mtu mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kulisema, na mtu huyo hayupo, na sisi tulijenga benchi zima mahali pa neno hilo. Naendelea kulifikiria. Ni maneno mangapi mengine ambayo sijaambiwa? Nitajuaje kwamba siyajui?

Halafu Mama Rebeka akasema, kama mtu anayepokea zamu: "Basi miye leo ni shangazi. Nitasema miye. Na paja moja ya kuku ni yangu." Akageuka, akagonga kabini kwa ngumi kupitia turubai. "Weye uko kwa usukani! Ulisikia?"

Gari lilipunguza mwendo. Klaksoni ikalia mara moja, fupi, kwa adabu.

Alikuwa amesikia yote.

Kwenye kizuizi askari alizunguka nyuma, akakuta wamama watano wamepangwa wakimtazama, na mimi miguuni kwao. Akaenda mbele. "Hawa wote ni nani?"

"Mama zangu wakwe, chef," nikasikia Kambale akisema.

"Wote tano?"

"Wote, chef."

"Ee, ndugu yangu. Pole." Akafungua kamba.

Hospitalini Kambale aliegesha gari karibu na mlango, akashuka upande wa pili, akageukia ukuta mpaka wamama wote wamekwisha kuingia. Kisha akanijia. Nilidhani atanicheka, au atasema kitu kuhusu pare-buffle. Alisema: "Kitenge ya rangi gani?"

Amekwenda na Mama Rebeka sokoni kwa miguu, yeye mbele, huyo nyuma akimwelekeza kwa sauti ya mwanajeshi, maana zamu ya Mama Rebeka kwa daktari ni kesho.

Muuguzi ametoka sasa hivi. Jicho la kwanza limefanyiwa upasuaji. Amesema limekwenda vizuri, Mama amelala, na bandeji itatolewa kesho asubuhi, na hapo ndipo tutajua. Nilimwuliza kujua nini hasa. Akasema: kama anaona.

Nimekaa hapa na sentensi hiyo.

Kambale amerudi. Ana kitenge cha kijani chenye ndege, na kuku wawili wamefungwa miguu wanalalamika kule nyuma, chini ya benchi. Amekaa kando yangu, hanishiki mkono, anajitazama kwenye kioo cha ndani. Siku nne alikuwa ananiuliza gari lionekaneje. Sasa ananiuliza kama ndevu anyoe au aache, kama shati jeupe linamfaa au litamfanya aonekane kama mtu wa ofisi, kama kovu la kidevuni litamtisha mtu ambaye hajaona uso kwa miaka miwili.

"Na kama hatapenda sura yangu?" amesema.

Sijawahi kumsikia akiogopa. Hata Jumamosi, risasi zilipolia, hakusema hivi. Nimemwambia aache ndevu, avae shati la bluu, na asimame upande wa dirisha ambako kuna mwanga mwingi. Nimemwambia atapendwa. Lakini mimi nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa na macho mazima na miaka ishirini na mbili, mbele ya duka la vitabu, na nilikuwa na siku nyingi za kumzoea polepole. Mama atafunguliwa vyote viwili asubuhi moja, jicho na uso wa mwana wake mpya.

Atatazama nini kwanza?